Herufi Moja

Barua ya kaunti ilifika siku ya kukata majani.
Ndani yake tarakimu zimepanda ngazi usiku
na mwenye nyumba hakusikia kishindo:
mwaka jana laki moja na elfu arobaini na mbili,
mwaka huu laki moja na elfu tisini na nane.
Nikaitazama nyumba. Nyumba ikanitazama.
Hatukuwa na habari, si mimi wala yeye,
kwamba tumetajirika.

Mkadiriaji alipita, karani akaniambia dirishani.
Alipita, naam. Hakushuka garini.
Alipunguza mwendo, akaona mlango mwekundu
alioupaka Ludmila msimu wake wa mwisho,
kwa brashi fupi, ameketi juu ya ndoo
kwa kuwa kusimama kulishamshinda.
Akaandika: hali nzuri. Akaandika: mabafu mawili.

Nyumba njema si mlango, bwana.
Bafu la pili ni kabati. Choo kimo, sikatai,
nilikinunua mnadani, sikukiunga bomba hata siku moja,
na Ludmila akakifanya rafu ya matango ya siki.

Delphine Vondra wa jirani, mwalimu mstaafu,
alikuja na miwani miwili na kalamu ya risasi.
"Usiwaambie una uchungu, Leland. Waambie una nyufa.
Uchungu hauna kisanduku kwenye fomu."

Basi nikapiga picha.
Chumba cha chini, maji ya Machi kwenye kidato cha pili,
na rula yangu imesimama humo kama shahidi.
Boriti kuu, na jeki ya trekta inayoibeba
tangu Emil yuko darasa la nne.
Gololi niliyoiweka mlangoni mwa chumba cha kulala:
ilijiendea yenyewe mpaka jikoni,
haikuuliza njia.

Wakanipa dakika kumi.
Watu watatu mezani, na saa ya kuchemshia mayai.
Wa katikati, Zajicek, alicheza polka harusini kwetu
akamkanyaga mama mkwe. Siku hiyo hakunijua,
au alinijua, akaona sheria inamtaka asinijue.

Nilikwenda kuitetea nyumba.
Herufi moja ikadondoka njiani, sijui wapi,
nikajikuta naiteta.
Nilisema paa linavuja. Nilisema ukuta wa kaskazini
umevimba kama shavu lenye jino bovu.
Nilisema harufu yake ya Agosti, jamani,
ambayo hata Emil, aliyehamia Denver, sijamwambia.
Miaka arobaini na moja imenisitiri,
na mimi nikaivua nguo mbele ya wageni
huku nikihesabu: moja, mbili, nyufa ya tatu hii hapa.

Mama mmoja akainua picha ya kumi na moja.
"Na hii ni nini?"

Ni sakafu mbele ya sinki.
Nilipoipiga sikuona kitu zaidi ya uchakavu.
Pale mezani, chini ya taa zao nyeupe, nikaona
nyayo mbili zilizolika kwenye linoleamu,
zimetazama nje kidogo, kushoto kuliko kulia,
alivyozoea kusimama akimenya viazi.

Saa ya mayai inakwenda. Delphine ananitazama.

"Sakafu imechakaa," nikasema.
Akaandika.

Wakalifuta bafu la pili kwa kalamu,
wakashusha mpaka laki na elfu sabini na moja.
Nikipiga hesabu, nafuu yake itanilipia gesi ya Januari
hadi tarehe kumi na nane hivi.
Delphine akataka tusherehekee kwa pai.
Nilikula. Ilikuwa ya cheri, tamu kupita kiasi.

Jioni mlango mwekundu ulikwama, ndiyo kawaida yake kukiwa na unyevu.
Nikausukuma kwa bega.
Jikoni nilizunguka upande wa jiko, sikupakanyaga pale.
Kisha nikashuka chini na tochi,
nikaikaza ile jeki robo mzunguko.
Boriti ikalia kidogo, ikanyamaza.